Utepe wa Bibi Seo

Naju, mwaka wa Nyoka, mwezi wa tatu, siku ya tano

Shangazi yangu Noh wa Chumba cha Kushonea,

Shikamoo. Natumaini goti lako la kushoto limetulia sasa baridi inapoondoka Hanyang. Sisi huku tupo. Mama mkwe anakohoa kila asubuhi na kumlaumu kila anayepita, kwa hiyo najua ni mzima. Mtoto ameota meno mawili na anatambaa mpaka kwenye mitungi ya mchuzi wa soya. Jana nilimkuta ameukumbatia mmoja, anaulamba.

Bwana Eom mchuuzi anakuletea majora kumi na mawili ya hariri ya zambarau. Nimeichovya rangini mara tano. Mara ya tatu mvua iliikuta kambani, kwa hiyo ukiona doa mahali, usiseme mpwa wako ameanza uvivu.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Mansok wangu aliondoka mwezi wa saba mwaka jana kumfuata bwana wake, Mwanamfalme Danpyeong, kwenye kile kisiwa alikofungiwa na kaka yake Mfalme. Leo ni miezi minane. Hakuna barua wala salamu, na wauza chumvi wanaopita huko ukiwauliza wanageuza shingo. Mtoto alizaliwa baba keshaondoka, hawajaonana hata siku moja.

Najua ninyi wanawake wa kasri mmekula kiapo, na barua zenu zinasomwa mlangoni. Sikuombi habari za Mfalme. Naomba umbea wa nguo tu. Bibi Seo, mke wa Mwanamfalme, siku hizi anavaaje? Akibadili yeye mtindo leo, kesho sisi watia rangi nguo wa Naju ndio tunaochemsha mizizi ya rangi.

Mpwa wako,
Bunrye


Hanyang, mwezi wa tatu, siku ya ishirini na sita

Bunrye mwanangu,

Marahaba. Goti la kushoto limetulia, maumivu yamehamia la kulia. Barua yako ilisomwa kwanza na Mzee Bae, towashi wa mlangoni, ndipo nikapewa. Namsalimu hapa hapa, maana na hii ataisoma. Mzee Bae, hujambo? Hayo macho bado yanatoa machozi?

Hariri imefika. Doa nimelificha kwenye mshono wa kwapa. Lakini nimeliona.

Umeomba nguo, nakupa nguo. Bibi Seo alipoletwa hapa kuolewa alikuwa na miaka kumi na sita, na mji mzima ulimwiga. Vikoti vyake vilikuwa vifupi na vya kubana hata ilinibidi nimshonee akiwa amevivaa, jioni nivifumue ndipo aweze kula. Nywele za bandia kichwani zilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia. Akiinama kumsalimu mkwewe, Mama Malkia, mjakazi alikaa nyuma kumshikia kisogo asije akapinduka. Wake wa mawaziri walikuwa wakinitumia keki za mchele ili niwavujishie vipimo vyake, na keki nilikula.

Tangu mumewe apelekwe kisiwani amekuwa akivua kimoja kimoja. Kwanza vidani vya kiunoni. Kisha viatu vya hariri. Mwezi uliopita alinikuta nazichana zile nywele za bandia, akaniambia, "Mama Noh, zirudishe kwa wenyewe."

"Wenyewe ni maskini waliozikata, Bibi. Hatuwajui."

"Basi zizike."

Nikazizika nyuma ya ghala. Sasa anafunga nywele zake mwenyewe, kifundo kidogo kisogoni, na pini ya mti kama ya mke wa mkulima. Mabibi wenzake walicheka mpaka wakajipangusa macho. Haukupita mwezi, nao wakaanza kulalamika kwamba shingo zinawauma.

Mikono ya vikoti ameipanua. Sketi haina tena marinda ya kufurisha makalio. Viatu ni vya majani. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mchemshie mama mkwe pea na tangawizi, na mtoto mfungie mbali na mitungi.

Shangazi yako


Naju, mwezi wa nne, siku ya ishirini

Shangazi,

Shikamoo. Pea na tangawizi zimesaidia. Sasa mama mkwe ana pumzi ya kugombana mchana pia. Mtoto hajambo. Mizizi ya zambarau mwaka huu ni minene, imetoa rangi nzuri.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilicheka kwa zile keki, kisha nikaacha kucheka. Umenitajia kichwa, umenitajia mikono, kiuno, mpaka viatu. Kifua hukukitaja.

Wewe ndiye uliyenikalisha mkekani nina miaka saba, kabla hawajakurudisha kasri baada ya msiba wa babu. Ukaniambia utepe unaofunga kikoti kifuani ukiwa wa zambarau, mume yu hai. Pindo la mkono likiwa la buluu, kama langu sasa, ana mtoto wa kiume. "Mwanamke akija mbele yako," ulisema, "msome kifua na mikono kabla hujamuuliza swali la kijinga." Mtu aliyeshona miaka arobaini na minne anasahauje utepe?

Mansok alimwapia bwana wake kwamba hatamwacha, na mimi namjua Mansok. Mwanamfalme akiwa hai, basi na mume wangu yu hai, anachota maji na kumnung'unikia mtu kwamba supu haina chumvi. Kwa hiyo nijibu neno moja tu. Utepe wa Bibi Seo ni wa rangi gani?

Ninauliza kwa sababu humu ndani mmechafuka. Juzi mama mkwe alinikalisha.

"Bunrye, vua huo utepe wa zambarau. Watu wanatucheka."

"Wacheke. Mume ni wangu."

"Mwanangu amekufa. Tumbo lililomzaa linaniambia."

"Tumbo lako lina njaa, mama. Kula."

Hakula. Anataka mtu apande juu ya paa akiwa na koti la Mansok, aelekee kaskazini, amwite mara tatu arudi, kama wanavyoitwa wafu. Anasema mtoto wake amekufa ugenini bila kuitwa na sasa anazurura. Nimemwambia atakayeegemeza ngazi kwenye paa langu nitaivunjavunja nipikie.

Nijibu, Shangazi.

Bunrye


Naju, mwezi wa tano, siku ya ishirini na nane

Shangazi,

Shikamoo, na kwa leo adabu yangu inaishia hapo.

Bwana Eom amerudi bila barua. Anasema ulipewa ya kwangu mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukamwambia, "Hakuna jibu." Halafu ukamwuliza kama mtoto ameanza kusimama. Mtoto wa nani unayemwulizia, ikiwa mama yake humjibu?

Nasikia mwezi wa nane Mama Malkia anatimiza miaka sitini, na Chumba cha Kushonea kimeagiza majora arobaini ya zambarau kwa mabibi wote watakaokaa mbele yake. Mizizi mizuri ya Naju iko kwangu. Majora ninayo, yamekauka, yamekunjwa. Yatakaa hapa mpaka nijibiwe. Wakikuchapa, waambie umekosa hariri kwa sababu ya neno moja.

Bunrye


Hanyang, mwezi wa sita, siku ya kumi na saba

Bunrye,

Hatujambo.

Ni wa zambarau. Nimeushona kwa mkono wangu.

Tuma majora. Nimepewa mpaka katikati ya mwezi ujao.

Bibi Seo sasa anavaa kikoti kirefu kinachofika kiunoni na sketi ya rangi ya majivu. Ameagiza utepe wake uwe mpana, vidole vinne, na utiwe bitana. Wasichana wa hapa wameanza kuiga upana huo. Sina la kuongeza. Jambo hili usiniulize tena.

Shangazi yako


Naju, mwezi wa saba, siku ya sita

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo mara mia. Bwana Eom anakuja na majora arobaini na mawili. Hayo mawili ni ya kuomba radhi kwa ulimi wangu. Nilikuandikia vibaya na ninaona haya.

Barua yako nilimsomea mama mkwe uani, kwa sauti, makusudi, ili jirani yetu mwenye masikio marefu asikie. Nilipofika kwenye neno "zambarau" aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaomba wali. Amekula bakuli mbili na mboga za figili, na tangu siku hiyo hajataja paa.

Mimi nimekuwa mtu mwingine. Nimemshonea Mansok koti zito la pamba na soksi jozi tatu, na muuza chumvi mmoja amekubali kuvifikisha kisiwani kabla ya baridi. Ndani ya mfuko wa koti nimeweka alama ya mguu wa mtoto. Niliuchovya kwenye nili, nikaugandamiza kwenye kitambaa, akapiga makelele ya kusikika mpaka mtoni. Sasa mguu mmoja ni wa buluu na rangi haitoki.

Ila Shangazi, bitana ya nini? Utepe hautiwi bitana. Nimewauliza wenzangu, wamecheka, wanasema mabibi wa kasri wakikosa kazi watazitia bitana hata soksi. Na mbona barua yako ilikuwa fupi hivyo? Haya, sitauliza. Umenikataza, na mimi leo nina furaha, sitaki kuichokonoa.

Bunrye wako


Nje ya lango la mashariki, Hanyang, mwezi wa nane, siku ya ishirini na tano

Bunrye mwanangu,

Barua hii hakuna aliyeifungua kabla yako. Siko tena kasri. Naandika kwenye nyumba ya watawa wa kike, nimelala kwa tumbo kwa sababu mgongo hauwezi, kwa hiyo usishangae mwandiko. Mpe mama mkwe mtoto, kisha ukae chini.

Mansok amekufa. Alikufa mwezi wa pili, kabla hujaniandikia barua ya kwanza. Nilikuwa najua siku nilipoifungua hariri yako yenye doa.

Mfalme alimpelekea mdogo wake kikombe cha sumu. Alikuwa amemwapia mama yao kwamba hatamgusa, na mama yao ni mgonjwa wa moyo. Ikatoka amri: mpaka sikukuu ya Mama Malkia ipite, asilie mtu, asivae mtu nguo nyeupe za msiba, na Bibi Seo aendelee na utepe wa zambarau mbele ya mkwewe. Yule mama alikuwa akiusoma ule utepe kila siku, kama ulivyotaka kuusoma wewe. Alikuwa akimwangalia kifuani, anatulia, anaomba chai.

Mwanamfalme alipokata roho, Mansok alichukua koti la bwana wake akaomba ngazi. Afisa alimkataza. Akapanda bila ngazi, kwa ukuta. Akaelekea kaskazini, akaita mara tatu. Waliomngoja chini walimpiga aliposhuka, na baada ya hapo aliishi siku tatu tu. Aliyeleta habari alimsimulia Bibi Seo kama kichekesho cha mtumishi mjinga. Bibi Seo akaniita pembeni.

"Mume wa mpwa wako alimwita mume wangu, mimi nikiwa nimekatazwa hata kulia. Mpwa wako ameambiwa?"

"Bado, Bibi."

"Basi wewe na Mfalme mnafanana."

Uliponiuliza rangi, nilikujibu rangi. Ni kweli Mzee Bae alikuwa amesimama nyuma yangu. Lakini kalamu hakuishika yeye. Niliogopa viboko, na niliitaka ile hariri. Nilikuacha umshonee soksi.

Sasa bitana. Bibi Seo aliniletea kipande cha katani isiyotiwa rangi, ile ya msiba, alikuwa amekificha ndani ya kiatu. "Ndani katani, nje zambarau," akasema, "na uwe mpana." Nikadhani anataka tu katani imguse kifuani, aomboleze kimya kimya. Nilishona, nikajisifu kwamba nimetenda wema usioweza kumfikisha mtu pabaya. Kwa nini uwe mpana, sikujiuliza.

Siku ya sikukuu mabibi wote walikaa kwa safu, kila kifua hariri yako. Mfalme alikuwepo. Bibi Seo alipeleka kikombe, akainama, na Mama Malkia akamshika mkono.

"Umekonda, na siku hizi unavaa nguo za vizee. Danpyeong akirudi hatakujua."

"Mama," Bibi Seo akasema, "niruhusu nijifunge vizuri."

Akaufungua utepe. Akaugeuza, akaufunga tena pole pole, katani ikiwa nje. Kwa upana ule hata waliokaa mlangoni waliona. Mama Malkia aliutazama ule utepe, kisha akageuka akamtazama Mfalme kwa muda mrefu, na Mfalme akawa anaangalia kikombe chake. Ndipo yule mama akachomoa pini ya joka kichwani, kama wafanyavyo wafiwa, nywele zake nyeupe zikamwangukia mabegani. Binti zake wakachomoa za kwao. Wakwe nao. Sisi watumishi tuliosimama ukutani tukafuata. Pini zikasikika zikianguka sakafuni.

Bibi Seo alisema ameushona mwenyewe. Mkuu wa Chumba aliuchukua, akautazama mshono, akatutazama sote isipokuwa mimi. Mshono wangu unajulikana hata na vipofu. Nikajitokeza. Nilikuwa nimechoka kufanana na Mfalme. Viboko thelathini, na nje.

Bibi Seo amerudishwa kwa wazazi wake. Nasikia anavaa nyeupe kichwani mpaka miguuni na hakuna anayethubutu kumkataza. Amemwambia mjakazi kwamba ndiyo nguo ya kwanza aliyojichagulia.

Watawa wamenipa nafasi mpaka majani yaishe mitini. Baada ya hapo sijui. Wewe sikuombi kitu.

Shangazi yako


Naju, mwezi wa tisa, siku ya kumi na mbili

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto alisimama peke yake juzi. Mama mkwe yupo.

Barua yako ilinikuta kwenye pipa la nili, mikono ya buluu mpaka viwikoni, nikamwomba Bwana Eom anifungulie. Siku hiyo sikulia. Nilikuchukia, na nakwambia wazi bado nakuchukia, usije ukadhani yameisha. Nilimgombeza mama aliyetaka kumwita mtoto wake. Nilimlisha wali wa furaha, naye akala. Hilo ndilo linaloniuma kuliko soksi.

Lakini nimejikumbusha pia jinsi nilivyokukaba kwa yale majora. Sikukuomba ukweli. Nilikuomba zambarau.

Koti jipya lilikuwa limekwisha kwenda na muuza chumvi. Nilibaki na lile lake la kazini, lililochanika kiwiko, ambalo sikuwahi kulifua. Nikaenda kumwomba jirani apande, maana hiyo ni kazi ya mwanamume. Mama mkwe akanivuta mkono.

"Panda wewe. Mwanangu hakusubiri ruhusa ya mtu."

"Watu watasema."

"Waseme. Lete ngazi."

Akaishika ngazi yeye mwenyewe, na kikohozi chake. Nikapanda, nikaelekea kaskazini, nikalipunga lile koti. Ju Mansok wa Naju, rudi. Ju Mansok, rudi. Ya tatu sauti ilinikatika, nikawa nimesimama tu juu ya paa nimefumbua mdomo. Akaita mama yake kutoka chini.

Bwana Eom akirudi huku atakupakia kwenye mkokoteni, atakutandikia pamba ulale kwa tumbo. Upande wa sakafu unaopashwa moto kutoka chini tumekuachia. Mwezi wa kwanza sitakusemesha, labda na wa pili. Utakula, utamwangalia mtoto, na siku nitakayokuuliza alipandaje ule ukuta, utanieleza, na nikiuliza tena utanieleza tena.

Utepe wangu nimeutoa. Nimeshona mwingine wa katani, nje na ndani. Majirani wanasema msiba hautaki rangi. Pindo la buluu sikuligusa.

Bunrye